Kuvuka pito la mlima lenye mwinuko mkali: ubebe mzigo wote, uupeleke kwa awamu, au usaidiwe?

Anayepanga safari ya siku nyingi milimani hufika mahali ambapo ramani inaonyesha mistari ya kontua iliyobanana, njia ikipanda karibu wima hadi kwenye pito, yaani ule uwazi wa chini kati ya vilele viwili, kisha ikiteremka upande wa pili kwa ukali uleule. Hakuna barabara wala makazi ya watu kwa mwendo wa siku mbili au tatu, na begi limejaa hema, nguo za baridi, jiko na chakula cha siku nane. Kinachobaki ni kuamua mzigo huo utavuka kwa namna gani.

Namna ni tatu. Unaweza kuubeba wote mgongoni na kuvuka kwa mkupuo mmoja. Unaweza kuugawa, ukapeleka sehemu ya kwanza juu, ukarudi kulala chini, kisha ukavuka na sehemu iliyobaki siku inayofuata. Au unaweza kuwakabidhi wapagazi au wanyama wa mizigo sehemu kubwa, nawe ukabaki na begi dogo. Wapo wasafiri wazoefu wanaoapa kwa kila mojawapo, na wote wana sababu.

Jambo moja litangulie: hakuna kati ya njia hizi inayoponya mzigo uliofungwa ovyo. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba begi la safari ya siku nyingi lisizidi moja ya tano ya uzito wa mbebaji, yaani kilo 14 kwa mtu wa kilo 70. Chakula kikavu cha siku nane peke yake hufika kilo sita au saba, na ukiongeza vifaa vya theluji, kilo 20 hupitwa bila anasa yoyote. Kwa hiyo mwaga kila kitu sakafuni kwanza, toa kisichohitajika, pima kilichobaki kwenye mizani, ndipo uendelee kusoma.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni muda. Mpanda milima Mskoti William Naismith aliandika mwaka 1892 kanuni ambayo hadi leo inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Pito lililo kilomita sita kutoka kambini na mita 1,000 juu yake litachukua, kwa hesabu hiyo, karibu saa tatu. Kanuni hiyo, hata hivyo, inamhusu mtu mwenye afya njema kwenye njia nzuri na mzigo mwepesi. Mwenye begi la kilo 20 mahali penye hewa nyepesi afadhali apange saa tano au sita. Saa hizo zina maana kubwa kuliko uchovu, kwa sababu katika milima mingi mirefu asubuhi huwa tulivu na mchana huleta mawingu, upepo na radi, na mtu mwenye mzigo aliyechelewa huwa juu kabisa wakati hasa anapotakiwa kuwa ameshashuka.

Cha pili ni mwili. Kwenye kimo cha mita 5,500 kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari, na kila pumzi huleta oksijeni kwa kiasi hichohicho. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na siku isiyoongeza kimo cha kulala. Mteremko nao una madai yake. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya kufunga breki huku ikinyooka, na kazi ya namna hiyo huichana kidogokidogo. Maumivu yake hufika kileleni siku moja hadi tatu baadaye, wakati bado una safari.

Cha tatu ni ardhi yenyewe: je, ni njia iliyochongwa, ni kokoto zinazoteleza, ni mawe makubwa ya kuruka, au ni theluji? Cha nne ni uwezo wa kughairi na kurudi, na hiki nakipa uzito kuliko vyote, kwa sababu ajali nyingi za mapitoni huanza pale mtu anapoona dalili mbaya lakini hana tena namna nzuri ya kugeuka. Njia nzuri ya kukipima ni kujiuliza swali moja kwa kila hatua ya mpango: hivi sasa, vitu vyangu vya kulalia viko wapi? Cha tano ni gharama pamoja na wajibu, hasa pale ambapo mgongo unaobeba si wako.

Kubeba mzigo wote kwa mkupuo mmoja

Kwa upande wa muda, hii ndiyo njia fupi kuliko zote kwenye karatasi, kwa kuwa kila hatua hupigwa mara moja tu. Karatasi haionyeshi kwamba mzigo mzito hupunguza mwendo zaidi kadiri mwinuko unavyokaza, na kwamba vituo vya kupumua huongezeka. Ndiyo njia ya kawaida kwenye Forester, pito la takriban mita 4,000 katika milima ya Sierra Nevada nchini Marekani, ambako wasafiri wa masafa marefu hufika wakiwa na chakula cha siku nyingi ndani ya mikebe migumu ya kuzuia dubu. Mapema katika msimu hulazimika kukata korongo jembamba la theluji karibu na juu kabisa, na wanaojua huwahi asubuhi kabla jua halijailainisha theluji hiyo. Kwao mzigo na saa ya kuamka ni hesabu moja.

Kwa mwili, njia hii ni kali lakini ina ufundi wake. Mbebaji mzoefu hapandi kwa kukaza mapaja mfululizo. Kila hatua huunyoosha mguu wa nyuma kabisa, hupumzika nukta moja uzito ukiwa umesimama juu ya mfupa badala ya misuli, kisha huuleta mguu wa mbele na kuvuta pumzi pamoja nao. Anayemtazama kwa mbali humwona kama anayesitasita, lakini baada ya saa tatu hajasimama, na walioanza kwa kasi wamekaa juu ya mawe. Mkanda wa kiunoni ndio unaopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito, mikanda ya mabegani ikizuia tu begi lisianguke nyuma. Ukiona mabega yanauma na nyonga haziumi, begi limefungwa vibaya.

Ardhi mbovu ndiyo mtihani mkubwa wa njia hii. Kwenye mawe makubwa, mwili wako hugeuka na begi huchelewa kidogo kugeuka, na ni huko kuchelewa kunakokusukuma baada ya wewe kudhani umeshasimama imara. Vitu vizito vikae karibu na uti wa mgongo, kati ya kiuno na mabega, na fimbo mbili za kutembelea ziongezwe urefu kabla ya kuanza kushuka. Kwenye kokoto zinazoteleza, kilo 20 zinaweza hata kusaidia kushindilia kisigino. Kwenye theluji ngumu zinafanya kuteleza kidogo kuwe kuanguka kikamilifu.

Uwezo wa kughairi ni mzuri kuliko unavyotarajiwa. Hema, mfuko wa kulalia, jiko na chakula viko mgongoni, kwa hiyo unaweza kugeuka wakati wowote, au kulala kwenye tambarare ya kwanza unayoikuta. Kinachozuia ni moyo. Mtu aliyepandisha mzigo wote huo mita 800 hupata shida kuziacha mita 200 zilizobaki, na hapo ndipo anapojishawishi kwamba wingu lile litapita. Dawa yake ni kupanga saa ya kugeuka ungali kambini, na kuitii bila kujali umebakiza kiasi gani.

Gharama ni ndogo na wajibu ni wako peke yako. Njia hii inamfaa mwenye mazoezi ya kubeba, asiyezidi sana kile kipimo cha moja ya tano, ambaye amekwishazoea kimo na ana magoti yasiyomsumbua. Haimfai anayetarajia kwamba nguvu za mazoezi ya kukimbia zitajigeuza zenyewe kuwa nguvu za kubeba.

Kupeleka mzigo kwa awamu

Mfano mkubwa wa njia hii ni Chilkoot, pito lililo kati ya Alaska na Kanada. Katika msimu wa baridi wa 1897 hadi 1898, maelfu ya watu waliokimbilia dhahabu ya Klondike walitakiwa na polisi wa Kanada kuingia na akiba ya mwaka mzima, mzigo uliofika karibu tani moja kwa kila mtu. Hakuna aliyeweza kuibeba tani kwa mkupuo, hivyo walipanda ngazi zilizochongwa kwenye barafu, wakatua mzigo juu, wakateleza chini na kuanza upya, kwa wiki na hata miezi. Wenyeji Watlingit, walioijua njia hiyo vizazi vingi kabla yao, walifanya kazi ya kubeba kwa malipo. Tarehe 3 Aprili 1898 maporomoko ya theluji yaliwaua zaidi ya watu 60 kwenye njia hiyo. Habari hiyo inatufundisha pande zote mbili za hesabu: kugawa mzigo hukuwezesha kuvusha kisichobebeka, lakini kila mzunguko hukurudisha chini ya mteremko uleule wa hatari.

Kwa muda, hesabu haina huruma. Mzigo uliogawanywa mara mbili huhitaji utembee kipande hicho mara tatu, mbili ukiwa umebeba na moja ukirudi; ukigawanywa mara tatu, ni mara tano. Kwa hiyo usiufanye kwa siku moja isipokuwa kipande ni kifupi sana. Panga siku mbili, na uhakikishe utabiri unaonyesha asubuhi mbili nzuri zinazofuatana, si moja.

Kwa mwili, hapa ndipo njia hii inapolipa. Nusu ya mzigo hupanda bila kukuvunja, na kule kupanda juu kisha kurudi kulala chini ndiko kunakousaidia mwili kuzoea kimo. Wapandaji wa vilele virefu wamelifanya hilo kwa makusudi kwa miaka mingi. Usumbufu wake uko kwenye magoti, ambayo hushuka mara mbili badala ya mara moja, ingawa ule mshuko wa kurudi ni wa begi tupu. Tena unaposhuka upande wa mbali siku ya pili, usisahau kwamba mizigo yote miwili itakuwa imeungana tena pale juu, na mteremko huo utaupokea uzito kamili, au utaugawa pia na kuongeza siku.

Kwa ardhi, mizigo midogo hukupa mizani bora kwenye mawe na theluji, na mzunguko wa kwanza hukufundisha njia: unajua jiwe lipi linayumba, na theluji inalainika saa ngapi. Faida hiyo ni kubwa mahali ambapo njia haionekani vizuri. Mahali panapoanguka mawe au theluji, geuza hoja hiyo kichwa chini: kupita mara tatu ni kujihatarisha mara tatu.

Uwezo wa kughairi unategemea jambo moja tu, nalo ni kile ulichotanguliza. Mzunguko wa kwanza ubebe vitu ambavyo unaweza kulala bila kuwa navyo: chakula cha siku za mbele, mafuta ya akiba, kamba, vifaa vya upande wa pili. Hema, mfuko wa kulalia, jiko, nguo za joto na dawa visitangulie hata kidogo. Ukifanya hivyo, hali ya hewa ikiharibika usiku unabaki kambini na kila kinachokuhifadhi hai, na hasara kubwa ni kusubiri. Ukikosea mpangilio, unaamka umetenganishwa na hema lako kwa mita 1,000 za mawingu. Mzigo uliotangulia nao una maadui: mbweha, kunguru na panya wakubwa wa milimani hufungua mifuko kwa ustadi, na theluji ya usiku mmoja hulifuta rundo lisilo na alama. Tumia chombo kigumu, uweke alama ndefu, na usome kanuni za hifadhi kabla ya yote, kwa kuwa hifadhi nyingi haziruhusu mtu kuacha vitu bila mwenyewe.

Gharama yake hasa ni siku moja au mbili za ziada, pamoja na chakula cha siku hizo, ambacho nacho ni mzigo. Inawafaa walio na mzigo usiopungua hata baada ya kupekuliwa, wenye nafasi ya muda, na wanaosafiri mahali pasipo na wapagazi wala wanyama. Kwa anayeingia kimo kikubwa kwa mara ya kwanza, naiona kuwa njia inayosahaulika bila haki.

Kusaidiwa na wapagazi au wanyama

Muda hapa hutegemea mwendo wako bila mzigo, ambao kwa wengi ni karibu na kanuni ya Naismith kuliko njia nyingine yoyote. Kwenye Thorong La nchini Nepal, pito la mita 5,416 ambako msafiri hupanda karibu mita 1,000 kutoka kambi ya chini na kushuka zaidi ya mita 1,500 upande wa pili, wengi huondoka kabla ya alfajiri ili wauwahi upepo wa mchana, na begi jepesi ndilo linalowawezesha kuifikia ratiba hiyo.

Mwili hupumua. Lakini kasi hiyo ina mtego, kwa kuwa mtu asiyelemewa hupanda haraka kuliko damu yake inavyozoea kimo, na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu humkuta juu bila kutarajia. Wepesi wa begi haubadilishi ile kanuni ya mita 500 za kulala.

Ardhi ndiyo inayoamua kama msaada huo ni wa watu au wa wanyama. Nyumbu hufanya vizuri kwenye njia iliyochongwa, lakini huzama kwenye theluji laini na hukwama kwenye mawe makubwa. Yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa milima ya Asia, huzoea baridi na kimo lakini hudhoofika kwenye mabonde ya joto. Lama, mnyama wa jamii ya ngamia wa milima ya Andes, hubeba kidogo, ila hukanyaga kwa uangalifu. Katika pito la White, jirani wa Chilkoot, karibu wanyama 3,000 wa mizigo walikufa katika kukimbilia dhahabu kwa sababu wenye nao hawakutaka kukubali kwamba njia ile haikuwa ya kwato. Tena, unapokutana na msafara wa wanyama kwenye njia nyembamba, simama upande wa mlima na si upande wa bonde, kwa kuwa mzigo wa pembeni wa nyumbu unatosha kumsukuma mtu nje ya njia.

Uwezo wa kughairi, kinyume na dhana ya wengi, unaweza kuwa mdogo kuliko wa njia zote tatu. Wapagazi hutembea haraka na huvuka kabla yako. Ukiishiwa nguvu au theluji ikianza, hema na mfuko wa kulalia vimeshashuka upande wa pili, na kurudi nyuma ni kurudi mikono mitupu. Mwezi Oktoba 2014 dhoruba iliyotokana na kimbunga Hudhud iliwakuta wasafiri na wapagazi kwenye Thorong La na milima ya jirani, na watu wasiopungua 43 walikufa. Kwa hiyo begi lako dogo libebe nguo za joto zote, koti la mvua, taa, maji, chakula cha siku nzima, dawa na kitu cha kujifunika usiku wa dharura; na mkubaliane, kabla ya kuondoka, kwamba mbeba hema hatavuka mpaka kundi lote lifike mahali fulani panapojulikana.

Gharama ni kubwa, na wajibu ni mkubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwakuta wapagazi wa bidhaa nchini Nepal wakibeba mizigo iliyokaribia uzito wa miili yao, lakini kwamba mtu anaweza kubeba hivyo si ruhusa ya kumwomba abebe hivyo. Peru iliweka kikomo cha kilo 20 kwa wapagazi wa njia ya Inka. Ukiajiri, hakikisha kwa macho yako kwamba kila mmoja ana viatu, nguo za kimo hicho, mahali pa kulala, chakula na bima, na kwamba anayeugua hateremshwi peke yake. Asiyeweza kugharimia hayo hajaweza kugharimia njia hii, hata kama ujira wameukubali.

Inawafaa wenye maumivu ya magoti au mgongo, makundi yenye watu wa nguvu tofauti, na safari ndefu kupita kiasi cha chakula kinachobebeka. Mahali pengi pa mbali, bila shaka, haipatikani kabisa.

Uchaguzi kwa hali yako

Ikiwa begi lako liko chini ya kilo 16 au 17, umezoea kimo, njia imechongwa na utabiri unatoa asubuhi moja tu nzuri, beba wote na uondoke gizani. Kugawa mzigo hapo kutakupotezea ile asubuhi moja.

Ikiwa begi linapita robo ya uzito wako, huna msaada wa kuajiri na una siku ya akiba, gawa mara mbili, ukitanguliza chakula na kubaki na malazi. Badilisha shauri hilo iwapo mteremko unajulikana kwa maporomoko ya mawe au theluji: hapo ni heri upunguze mzigo kwa kufupisha safari, uvuke mara moja, mapema.

Ikiwa mko watu watatu au wanne na mmoja ni dhaifu, jaribuni kwanza njia iliyo katikati, ambayo wengi huisahau: wenye nguvu watangulie na nusu ya mzigo wao hadi juu, warudi kumpunguzia mwenzao begi, kisha wote wavuke pamoja. Hakuna anayeachwa nyuma, na hema halitangulii mtu.

Ikiwa goti limeanza kuuma kwenye mteremko wa mazoezi, chukua wapagazi au wanyama, au chagua pito lingine. Goti linalolalamika chini ya kilo 10 karibu na nyumbani halitanyamaza chini ya kilo 20 mahali ambapo msaada uko siku mbili mbali.

Na ikiwa bado umekwama kati ya mbili, panda kilima chochote kikali cha mita 500 au 600 ukiwa na uzito kamili, ushuke, ulale, kisha urudie asubuhi yake. Namna miguu itakavyokuwa kwenye mteremko wa siku ya pili itakujibu swali hili vizuri kuliko kipimo cha mizani.